Heinrich Schliemann, Karani Aliyejifunza Kirusi Bila Mwalimu

Wasomaji wenzangu, watu wengi wakilisikia jina la Heinrich Schliemann hukumbuka dhahabu. Ndiye Mjerumani yule aliyechimba kilima cha Hisarlik katika nchi ya Uturuki akitafuta mji wa Troy, ambao habari zake zilisimuliwa na Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale. Mambo hayo yamo katika vitabu vya historia. Mimi nataka kuwaeleza sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana, yaani jinsi alivyojifunza lugha ya Kirusi mwaka wa 1844 alipokuwa karani mjini Amsterdam, na jinsi lugha hiyo ilivyomletea mali aliyoitumia baadaye katika kuchimba.

Nina sababu yangu. Tangu mwaka jana najifunza Kirusi peke yangu kwa kitabu cha sarufi nilichopewa na mjomba, aliyesomea uganga wa mifugo mjini Moscow katika miaka ya 1980. Nikimaliza kidato cha sita nataka kuomba nafasi ya masomo huko. Shuleni kwetu hakuna mwalimu wa lugha hiyo, na sijui kama katika wilaya yetu nzima yuko. Basi nilipopata habari za mtu huyu nilizisoma kwa makini sana, maana nilitaka kujua kama jambo lenyewe lawezekana, au ni porojo tu.

Schliemann alizaliwa tarehe 6 Januari, 1822, katika mji mdogo wa Neubukow, upande wa kaskazini wa Ujerumani, akakulia katika kijiji cha Ankershagen. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikufa mwaka wa 1831, mtoto akiwa na miaka tisa. Baadaye fedha zilipungua nyumbani, na Heinrich hakuweza kuendelea na shule ya juu. Alipofika umri wa miaka 14 akaingia kazini katika duka la vyakula katika mji wa Fürstenberg. Huko alikaa miaka mitano na nusu, akiuza samaki wa chumvi, siagi, maziwa, viazi na pombe kali, tangu saa kumi na moja ya alfajiri mpaka saa tano ya usiku. Nafasi ya kusoma hakuwa nayo hata kidogo.

Katika duka hilo lilitokea jambo ambalo mwenyewe hakulisahau. Jioni moja aliingia mlevi mmoja, jina lake Niederhöffer, aliyekuwa akifanya kazi ya kusaga unga. Mtu huyu aliwahi kusoma Kigiriki kabla hajaharibikiwa, akaanza kughani beti za Homer kama mia hivi. Kijana hakuelewa hata neno moja, lakini sauti yake ilimwingia moyoni akatoa machozi. Akamwomba arudie mara ya pili na ya tatu, akimlipa kwa glasi za pombe alizozinunua kwa senti zake chache. Nawaomba mlikumbuke tukio hili, kwa kuwa tutakutana na jambo linalofanana nalo, ila kwa kinyume.

Siku moja aliinua pipa zito mno, akaumia kifua hata akatema damu. Kazi ya duka ikamshinda. Akaenda kwa miguu mpaka Hamburg, na mwishoni mwa Novemba 1841 akapanda merikebu Dorothea kama boi wa chumbani, kwenda Venezuela. Merikebu haikufika mbali. Mwezi wa Desemba ilivunjwa na dhoruba karibu na kisiwa cha Texel, pwani ya Uholanzi. Mabaharia waliokolewa, naye akaenda Amsterdam, hana nguo wala fedha wala mtu anayemjua.

Hata akapata kazi ya tarishi katika ofisi ya mfanyi biashara mmoja: kugonga mihuri kwenye hundi na kupeleka barua posta. Mshahara wake ulikuwa faranga 800 kwa mwaka, na nusu yake aliitumia kwa masomo. Alilala katika chumba kidogo cha darini, chenye baridi kali wakati wa kipupwe na joto jingi wakati wa kiangazi. Asubuhi alikula uji. Kwa kazi ile haikumlazimu kufikiri, na hilo lilimfaa sana. Alipotumwa mahali alishika kitabu mkononi, hata mvua ikinyesha, na akisimama posta kungoja zamu yake alikuwa akisoma.

Alianza na Kiingereza, na hapo ndipo alipojitungia njia yake. Alisoma kwa sauti kubwa, tena mara nyingi. Hakutafsiri. Kila siku alikuwa na saa moja ya somo bila kukosa. Aliandika insha juu ya mambo anayoyapenda mwenyewe, mwalimu akazisahihisha, naye akazikariri na kuzisema kwa moyo katika somo lililofuata. Jumapili alikwenda mara mbili katika kanisa la Waingereza, si kwa ibada hasa, bali apate kuyarudia kimya kimya maneno ya mhubiri. Kwa njia hiyo alikariri vitabu viwili vizima vya hadithi za Kiingereza, kimoja cha Goldsmith na kimoja cha Walter Scott. Miezi sita ikampa Kiingereza, na miezi sita mingine Kifaransa. Baadaye akajifunza Kiholanzi, Kihispania, Kiitalia na Kireno, kila lugha kwa majuma sita, kwa hesabu yake mwenyewe.

Machi 1, 1844, akapata kazi bora katika nyumba ya biashara ya B. H. Schröder, kuwa mwandishi wa barua na mshika hesabu, kwa faranga 1,200 kwa mwaka. Nyumba hiyo ilifanya biashara ya nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo, na wanunuzi wake wakubwa walikuwamo Warusi. Ofisini hakuwa na mtu awezaye kuwaandikia kwa lugha yao. Schliemann, kijana wa miaka 22, akaona mlango umefunguka.

Kabla sijaendelea, yafaa niwaeleze kidogo vitenzi vya Kirusi vilivyo, mpate kuona ukubwa wa kazi yake. Katika Kiswahili kitenzi hubadilika mbele: ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma. Soma yenyewe imetulia mwishoni, na mtu akishajua viambishi anaweza kukigeuza karibu kila kitenzi. Katika Kirusi mambo yako nyuma. Ninasoma ni chitayu, unasoma, chitayesh, anasoma, chitayet, tunasoma, chitayem, mnasoma, chitayete, wanasoma, chitayut. Hayo si mazito. Lakini liko kundi la pili lenye miisho mingine: ninasema ni govoryu, unasema govorish, anasema govorit, tunasema govorim, mnasema govorite, wanasema govoryat. Kila ukutanapo na kitenzi kipya huna budi kujua ni cha kundi gani. Tena viko vingine ambavyo hata sauti ya ndani hugeuka: kuandika ni pisat, lakini ninaandika ni pishu.

Wakati uliopita una ajabu yake. Hapo Mrusi hajali nafsi, bali huangalia kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Mimi nikitaka kusema kuwa nilisoma, nasema chital. Dada yangu atasema chitala. Na tukiwa wengi tutasema chitali.

Lililo gumu kuliko yote ni hili: karibu kila tendo lina vitenzi viwili. Kimoja ni cha tendo linaloendelea au linalorudiwarudiwa, na cha pili ni cha tendo lililofika mwisho wake. Nilipokuwa nikiandika barua natumia pisal. Nilipoiandika nikaimaliza natumia napisal. Na hicho cha pili hakina wakati uliopo kabisa. Ukikitia miisho ya wakati uliopo, maana yake hugeuka kuwa ya wakati ujao: napishu, yaani nitaandika nimalize. Kwa maoni yangu sisi tuliozoea kupambanua kati ya li, me na ki tunalishika jambo hili upesi kuliko wale ambao lugha zao hazijali kama kazi imekwisha au bado. Kisha kuna kwenda: aendaye kwa miguu ana kitenzi chake, na aendaye kwa gari au kwa farasi ana chake. Mjomba asema kuwa aliishi Moscow miaka sita, na mpaka mwaka wa pili bado alikuwa akienda hospitalini kwa miguu ilhali amepanda basi.

Schliemann alikuwa na nafuu moja, kwamba Kijerumani nacho hugeuza miisho ya vitenzi kwa kufuata nafsi. Lakini vile vitenzi viwili viwili havimo katika Kijerumani, wala katika Kiingereza, wala katika Kiholanzi. Kwa jambo hilo alikuwa mgeni kabisa.

Alitafuta vitabu mji mzima. Akapata vitatu tu: sarufi ya zamani, kamusi, na tafsiri mbovu ya hadithi ya Telemachus. Mwalimu hakupata. Palikuwa na balozi mdogo wa Urusi, lakini hakutaka kumfundisha, na mbali na huyo hakuna mtu mjini aliyejua lugha ile. Basi akaanza peke yake. Kwa siku chache alijifunza herufi na matamshi kwa kufuata sarufi, kisha akarudi katika njia yake ya zamani: akaandika insha fupi na visa vifupi, akavikariri. Kwa kuwa hapakuwa na wa kusahihisha, insha zile zilikuwa mbaya sana, na mwenyewe hakulificha jambo hilo alipoandika habari zake. Akaona dawa ni kukariri Telemachus.

Hapa nataka tusimame kidogo. Wengi wanaosimulia habari hizi huona kukariri kule kama wazimu wa mtu mwenye kichwa kikubwa. Mimi naona kulikuwa na akili ndani yake. Schliemann alikuwa ameikariri hadithi hiyohiyo kwa Kifaransa alipokuwa akijifunza lugha hiyo. Aliijua tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo alipokutana na kitenzi cha Kirusi hakuhitaji kuuliza nani anatenda, lini, na kama tendo limekwisha. Hadithi ilikuwa imekwisha kumwambia. Ni kama mtoto wa kwetu ambaye amesimuliwa hadithi za Sungura na Fisi kwa lugha ya bibi yake, kisha azikute katika kitabu cha Kiswahili. Maneno ni mapya lakini Sungura ni yuleyule, na atajua kuwa Fisi amekwisha kuanguka shimoni kabla hajajua kwa nini imetumika me. Vitenzi vya Kirusi vilimwingia Schliemann vikiwa vimevaa kazi yake, si kama orodha ya miisho ukutani. Sisi wa Uganda wengi wetu tumeanza Kiswahili darasani, baada ya lugha ya nyumbani na Kiingereza, nasi twajua tofauti ya mtu aliyekariri jedwali la viambishi na mtu aliyekaa sokoni akawasikia watu.

Lakini kusema peke yako hadharani na huku hakuna asikiaye ni jambo la kuchosha. Schliemann aliona kwamba angeendelea vizuri zaidi kama angekuwa na msikilizaji. Akamwajiri Myahudi mmoja maskini, aje kila jioni kwa saa mbili kumsikiliza akighani Telemachus kwa Kirusi. Mtu huyo hakujua hata silabi moja ya lugha hiyo. Alilipwa faranga nne kwa juma. Nimepiga hesabu: kwa mshahara wa faranga 1,200 kwa mwaka, malipo hayo yalikuwa karibu sehemu ya sita ya pato la juma. Ndilo jambo nililosema litakuja kwa kinyume. Zamani kule dukani kijana alilipa ili asikilize lugha asiyoijua. Sasa analipa ili mtu asiyeijua amsikilize yeye.

Nyumba za kawaida za Amsterdam wakati ule zilikuwa na dari za mbao nyembamba, hata mtu aliyekaa chini aliyasikia yasemwayo katika orofa ya tatu. Wapangaji wakalalamika kwa mwenye nyumba, na mara mbili Schliemann akalazimika kuhama. Hakuacha. (Bwenini kwetu kelele ni mwiko. Mimi hukariri vitenzi vyangu nyuma ya shamba la migomba la shule, na msikilizaji wangu ni mlinzi wa usiku, naye hanidai kitu.)

Baada ya majuma sita aliandika barua yake ya kwanza kwa Kirusi, kumwandikia Vasily Plotnikov, wakala mjini London wa wafanyi biashara wakubwa wa nili wa Moscow. Na Warusi walipokuja Amsterdam kwa minada ya nili, akazungumza nao kwa lugha yao.

Je, tumwamini? Swali hili halina budi kuulizwa, kwa sababu Schliemann hakuwa mkweli katika kila jambo. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamezichungua barua na daftari zake za kila siku, wakaona kwamba alipenda kuyatia chumvi maisha yake. Aliandika kuwa mwaka wa 1851 alizungumza na Rais Fillmore wa Marekani katika karamu, na wachunguzi hawasadiki. Aliandika kuwa mkewe alikuwapo wakati hazina ya Troy ilipofukuliwa, kumbe mama huyo alikuwa Athens. Hata ile ndoto yake ya utotoni ya kuitafuta Troy inatiliwa shaka. Mtu wa namna hiyo akisema majuma sita, yatupasa kufikiri.

Hukumu yangu ni hii. Barua ya biashara si jambo kubwa: bei, uzito, jina la meli, tarehe ya mnada. Vitenzi vyake ni vichache na hurudiwa vilevile. Mtu anayesoma saa nyingi kila siku, ambaye amekwisha jifunza lugha sita za kigeni, anaweza kuiandika baada ya majuma sita, ingawa kwa makosa. Kuijua lugha ni jambo jingine, na hilo nadhani alilipata baadaye, kwa wale wafanyi biashara wa mnadani, ambao walikuwa wasahihishaji wake wa kwanza. Na ushahidi mkubwa hauko katika maneno yake. Uko katika yale ambayo matajiri wake walifanya. Mwezi wa Januari 1846 walimpeleka St. Petersburg kuwa wakala wao, na watu wa biashara hawamtumi bubu kuwauzia mali yao.

Huko Urusi alifanikiwa kupita kiasi. Mwaka wa 1847 aliandikwa katika chama cha wafanyi biashara, akaanza kujiuzia nili mwenyewe. Ndugu yake alipofariki California, akaenda huko, akafungua ofisi ya kununua vumbi la dhahabu mjini Sacramento, akarudi na faida nyingi. Vita vya Krimea (1853–1856) vikamtajirisha zaidi, maana aliuza shura, kibiriti na risasi, vitu ambavyo jeshi lilivihitaji. Sipendi sana sehemu hii ya habari, lakini ndiyo iliyolipa majembe ya Troy.

Mwaka wa 1852 alioa mwanamke Mrusi, Ekaterina Lyzhina, wakapata watoto watatu: Sergei, Natalya na Nadezhda. Ndoa haikuwa na raha. Mume alitaka kusafiri na kuhamia Paris. Mke hakukubali kuondoka kwao wala kuwatoa watoto wake. Schliemann alizijua lugha nyingi kuliko mtu yeyote katika mtaa ule, akamwandikia mkewe barua kwa lugha yake, na bado hawakuelewana. Mwaka wa 1869 alikwenda Indianapolis, Marekani, akapata talaka kwa sheria za huko. Mwaka huohuo binti yao Natalya akafa, bado mtoto, na baba hakuwapo.

Kigiriki alikiogopa muda mrefu, kwa hofu kwamba kikimshika ataiacha biashara. Alikianza mwaka wa 1856, vita vilipokwisha, kwa njia ileile: akachukua hadithi ya Kifaransa aliyoijua kwa moyo, Paul et Virginie, akaisoma katika tafsiri ya Kigiriki cha leo. Kisha akaingia Kigiriki cha Homer, zile beti za yule mlevi. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Baada ya miaka michache akaiacha biashara.

Yaliyobaki mnayajua. Septemba 1869 alimwoa Sophia, msichana Mgiriki, na tangu 1870 akaanza kuchimba Hisarlik. Aliichimba kwa pupa, akapasua tabaka nyingi asizozijua. Ile dhahabu aliyoipata mwaka wa 1873, akaiita hazina ya Mfalme Priam, ni ya zamani kuliko vita vya Troy kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka wa 1876 akachimba Mycenae, akapata dhahabu nyingine. Mwishoni mwa 1890 alipasuliwa masikio huko Ujerumani, na alipokuwa njiani kurudi nyumbani akaanguka katika mji wa Naples, akafa tarehe 26 Desemba. Alizikwa Athens.

Hazina ya Troy alikuwa amewapa Wajerumani mwaka wa 1881, ikawekwa Berlin. Mwaka wa 1945, vita vikuu vilipokwisha, majeshi ya Kisovieti yaliichukua, na kwa muda wa miaka karibu hamsini wakubwa wa huko hawakukiri kuwa nayo. Mwaka wa 1996 ikaonyeshwa kwa watu katika Jumba la Makumbusho la Pushkin, mjini Moscow.